Usingizi wa Wazazi: Nani Alale, Nani Aamke?

Baba mmoja ametuandikia swali ambalo bila shaka baba wengi huliuliza kimoyomoyo. Mtoto wao wa kwanza ana miezi 4, na tangu azaliwe nyumba haina usingizi. Mke wake kila siku asema amechoka, "hali yeye hushinda nyumbani, na mimi ndiye niendaye kazini." Ataka tuamue nani mwenye haki ya kulala.

Bwana mpendwa, tutazame hesabu kwanza.

Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipatana mwaka 2015 kwamba mtu mzima yampasa kulala muda wa saa 7 au zaidi kila usiku. Mwaka huohuo zilitolewa habari za watu waishio bila taa za umeme: Wahadzabe wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Walivaa mkononi vyombo vidogo vya kupima usingizi, ikaonekana kwamba kwa wastani hulala kati ya saa 5.7 na saa 7.1 tu. Wala hawalali jua litwapo. Hukaa macho zaidi ya saa 3 baada ya magharibi. Basi asiyefikisha saa 8 asidhani kwamba ana ugonjwa.

Lakini mzazi apungukiwa hata na kile kidogo alichokizoea. Huko Ujerumani watu maelfu huulizwa maswali yaleyale mwaka hata mwaka, kwa hiyo yawezekana kulinganisha usingizi wa mtu kabla ya kupata mtoto na baadaye. Majibu ya wazazi zaidi ya 4,600 waliopata watoto kati ya 2008 na 2015 yalichapishwa mwaka 2019. Katika miezi 3 ya kwanza mama alipungukiwa na saa nzima kila usiku. Na baba? Robo saa! Ndiyo, bwana, dakika 15. Tena upungufu huo haukwisha mtoto alipoanza kutembea. Hata baada ya miaka 4 hadi 6 mama alikuwa bado amepungukiwa na dakika 20 hivi, na baba 15. Waliozaa mara ya kwanza, kama ninyi, ndio walioumia zaidi.

Tena kuna usingizi uliokatwa-katwa. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo, aona njaa kila baada ya saa 2 au 3, na usiku na mchana hajavitofautisha mpaka apate miezi miwili mitatu. Hana ukaidi wowote. Lakini mama aamshwaye mara nne, hata vipande vyake vikifika saa 7, hajalala saa 7. Chukua kanga, uikate vipande vinne, uvipime kwa futi: urefu ni uleule, lakini jaribu kuivaa.

Wengine humshauri mama alale mtoto alalapo. Shauri zuri, ila latoka kwa watu wasioona ndoo tupu, nepi chafu na chungu kisichoinjikwa bado.

Zamani mzazi alikaa siku zake arobaini, na mama yake au shangazi akampokea mtoto usiku. Wahadzabe nao walipimwa tena, na habari zao zikatolewa mwaka 2017. Watu wazima 33, kwa siku 20, walipatikana wamelala wote kwa pamoja dakika 18 tu. Nyakati nyingine zote palikuwa na mtu aliye macho kambini. Katika chumba cha kupanga mjini kambi ni watu wawili, na mmoja wao ni wewe.

Kunyonyesha huwezi. Lakini mama akiisha nyonyesha saa 2 usiku, mchukue mtoto wewe, mpigepige mgongoni hadi acheue, mbadilishe nepi, ukae naye mpaka njaa imrudie. Mama apate kipande kimoja kirefu. Nawe ukisinzia, usisinzie naye kitini. Mlaze mahali pake, kwani watoto wamekufa kwa kubanwa hivyo. Kama umekunywa pombe, usilale naye kitanda kimoja kabisa.

Uchovu wako hatuudharau. Aliyekaa macho saa 17 hufanya mambo kama mtu aliyekwisha kunywa. Ukiwa dereva au fundi wa mashine, omba zamu nyepesi ikiwezekana.

Na jambo moja utazame sana. Mtoto akilala, je, mama watoto naye hulala? Akibaki macho, akilia bila sababu, asipofurahia kitu wala kula, na hali hiyo ikapita wiki mbili, huo si uchovu wa kawaida. Mpeleke kliniki, nawe uingie naye kwa mganga. Akisema maneno ya kutaka kujidhuru au kumdhuru mtoto, msingoje kesho.