Jahazi Kuukuu Lipewe Kazi Nchi Kavu

Anayetoka Muscat mjini kwa gari kuelekea hoteli ya Al Bustan Palace hufika kwenye mzunguko wa barabara, na katikati yake, juu ya ardhi kavu, kimekaa chombo kizima cha mbao. Jina lake Sohar. Kiliundwa Sur, mji mwingine wa pwani ya Oman, mwaka 1980 kwa mtindo wa kale, mbao zake zikashonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigiliwa misumari, kisha kikamchukua msafiri na mwandishi Tim Severin pamoja na mabaharia wa Oman hadi Guangzhou, China, kikatia nanga huko mwaka 1981. Safari hiyo ilithibitisha kwamba mshono wa kamba unaweza kuhimili bahari kuu kwa miezi mingi. Leo chombo hicho ni pambo la barabara. Mtoto aliyekaa kiti cha nyuma hukiona kwa muda ule gari linapozunguka, akauliza swali moja, na kabla hajajibiwa gari limeshashika njia ya hotelini.

Ukifuata pwani hadi Sur kwenyewe, mambo ni mengine. Huko kimepandishwa Fatah al Khair, chombo cha aina ya ghanja kilichoundwa mjini humo, kikauzwa Yemen baada ya kazi yake, hadi mwaka 1993 watu wa Sur walipochanga fedha na kukirudisha kwao. Kimewekwa jirani na karakana ambako vyombo vya mbao vingali vinaundwa, kwa hiyo mzazi anaweza kumwonyesha mwanawe chombo kilichomaliza safari zake na, si mbali na hapo, mataruma ya chombo ambacho hakijavikwa mbao. Kwa msomaji wa Unguja, Mombasa au Lamu, Sur si mji wa kigeni. Manahodha wake walishuka na kaskazi wakileta tende na samaki wa chumvi, wakapanda na kusi wakiwa wamesheheni boriti za mikoko, na hadi leo ziko familia za Oman zinazozungumza Kiswahili nyumbani.

Hoja yangu imo katika tofauti ya vyombo hivi viwili. Chombo cha kale hakistahili gharama ya kutunzwa kwa sababu tu kina umri mkubwa. Kinastahili pale kinapopewa kazi mpya nchi kavu, na kazi iliyo bora kuliko zote ni ile inayowalazimu mafundi waendelee kukigusa. Pwani yetu ingali na majahazi yanayosafiri na watu wanaojua kuyaunda. Serikali za Tanzania na Zanzibar, pamoja na kaunti za pwani ya Kenya, zichague majahazi machache yanayokaribia kustaafu, sasa hivi, kabla hayajawa kuni.

Kuna dhana kwamba kukipandisha chombo ni kukipumzisha. Sivyo. Kikiwa baharini, maji hukibeba kila upande. Kikiwekwa juu ya magogo, uzito wote huangukia mkuku na sehemu chache nyingine, na umbo huanza kulegea. Mbao zilizozoea unyevu hukauka, viungo hufunguka, pamba ya kalafati hutoka. Maji ya chumvi, licha ya kero ya wadudu wanaotoboa mbao, huzuia ukungu. Maji ya mvua yakituama tumboni mwa chombo hualika uozo. Halafu nchi kavu yuko mchwa. Ndiyo maana jahazi lililotelekezwa ufukweni huharibika upesi kuliko lile linalosafiri, ambalo kila baada ya muda hupandishwa, likaunguzwa chini kwa makuti yanayowaka, likapakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, sehemu inayozama, na sifa, yaani mafuta ya papa, sehemu ya juu. Anayetaka jahazi la maonyesho lidumu hana budi kumlipa fundi mwaka hadi mwaka, na gharama hiyo, ambayo wahasibu huiona kama kasoro ya mpango, kwangu ndiyo faida yake kubwa.

Waingereza wamelijua hili kwa maumivu. Cutty Sark, meli ya matanga, ilishushwa majini Dumbarton, Uskoti, Novemba 1869, siku chache tu baada ya kufunguliwa Mfereji wa Suez uliowanufaisha washindani wake wa mvuke. Ilibeba chai ya China, kisha sufu ya Australia, ikauzwa kwa Wareno mwaka 1895, na mwaka 1954 ikaingizwa katika gudi kavu Greenwich, London. Kiunzi chake ni cha chuma kilichovikwa mbao. Miaka ilivyopita, chuma kikaliwa na kutu. Mei 2007, ikiwa katikati ya ukarabati mkubwa, ikashika moto. Kilichoinusuru ni kwamba milingoti na sehemu kubwa ya mbao zake zilikuwa zimeshaondolewa kwa matengenezo. Ilipofunguliwa tena mwaka 2012 ilikuwa imeinuliwa kiasi cha mita 3, na wageni sasa hutembea chini ya mkuku wake. Wako waliopinga kuinuliwa huko kwa kuhofia mkazo unaotiwa kwenye kiunzi, na sidhani hofu yao ni ya kupuuzwa. Lakini tazama watoto wanachofanya ndani: wanapita katikati ya makasha ya chai, wanasimama pale mabaharia walipolala, na wanatoka wakielewa kwa nini majani makavu kutoka China yalistahili kukimbizwa baharini. Hilo ni somo la uchumi ambalo hakuna ubao wa darasani unaoliweza.

Wala si lazima kazi mpya iwe makumbusho. Huko San Francisco mwaka 1849, dhahabu ilipowatorosha mabaharia, meli zilibaki bandarini bila watu. Niantic ikavutwa hadi ukingoni ikawa ghala na ofisi. Moto wa 1851 ulipoiteketeza, hoteli ikajengwa juu ya mabaki yake. Kwetu nako mbao za majahazi yaliyochakaa hugeuzwa meza na fremu za vioo zinazouzwa ghali. Sina ugomvi na seremala huyo, ila meza haiwezi kumwonyesha mtu jinsi foromali, mti unaobeba tanga, ilivyopandishwa.

Bei ya kuchelewa tunaijua wenyewe. Mtepe, chombo cha kushonwa cha pwani hii, chenye tanga la mkeka la pembe nne, ulifanya kazi hapa kwa karne nyingi, na kufikia katikati ya karne ya 20 haukuwapo tena hata mmoja majini. Hakuna aliyeupandisha wa mwisho na kuuezekea paa. Vilivyobaki ni vielelezo vidogo katika makumbusho kama ya Lamu, pamoja na picha, michoro na maandishi ya wageni. Mtepe mpya ulipoundwa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya Beit al-Ajaib, ilibidi kukisia kutokana na mabaki hayo yale ambayo mababu waliyafanya kwa mazoea ya mikono. Kisha tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ikaporomoka likiwa kwenye ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Chombo cha kukisia kilikuwa kimehifadhiwa ndani ya nyumba iliyochoka.

Najua pingamizi la kwanza: hospitali hazina dawa, nanyi mnataka kuliezekea jahazi? Swali ni halali, na jibu lake si kuahidi mafuriko ya watalii, kwa kuwa ahadi hiyo imetolewa mara nyingi kwa miradi isiyowahi kulipa hata mlinzi. Jibu ni ukubwa wa mradi wenyewe. Hatuombi gudi la Greenwich. Jahazi linahitaji banda refu lenye paa imara, magogo yanayolishikilia sawasawa, ngazi na mishahara ya watu wachache. Sur walianza kwa mchango wa wakazi. Kiingilio cha familia ya Muheza au Kilifi kiwe cha bei ya nauli ya daladala au matatu. Mgeni wa hotelini alipe zaidi.

Wengine husema chombo kilichopandishwa ni maiti, afadhali kiachwe kisafiri. Ningekubali kama kungekuwa na shehena ya kusafirisha. Mashindano ya vyombo vya tanga ya Lamu ni jambo zuri, na yaendelee, lakini yanahifadhi ujuzi wa kuendesha. Ujuzi wa kupakia, kukarabati na kufanya biashara ya masafa hauhitajiki kwenye mbio. Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, kwa sababu nzuri ya kuinusuru mikoko, iliondoa shehena moja kubwa ya majahazi. Malori na injini vimechukua nyingi ya zilizobaki.

Pingamizi linalonielemea zaidi ni la tatu, na nashangaa halisemwi mara nyingi. Vyombo vya aina hii vilibeba watu waliouzwa. Walipakiwa Kilwa, wakapelekwa Unguja na kwingineko, na soko la Unguja halikufungwa hadi 1873. Je, familia ije na vitafunio vyake ifurahie sitaha ya chombo kama hicho? Nadhani ije, lakini asiondoke mtu bila kuambiwa. Na si utumwa pekee. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri na chombo cha Kuwait mwaka 1938 na 1939 hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, aliandika habari za mabaharia waliokata boriti kwenye tope la mikoko wakiwa na madeni wasiyoweza kuyamaliza. Jahazi lililopakwa rangi vizuri na kumulikwa taa bila habari hizo litakuwa linawadanganya watoto. Likiwa nazo, mzazi atajibu maswali magumu akiwa ameshika ubao halisi, jambo ambalo picha kitabuni haimsaidii kulifanya.

Mahali pa kuanzia papo: Bagamoyo, Tanga, Lamu, na upande wa bandari ya Malindi, Unguja. Masharti yangu kwa yeyote atakayelichukua wazo hili ni ya kikazi. Tumbo la jahazi liachwe wazi watu washuke ndani, lisizibwe kwa meza za mgahawa. Aajiriwe fundi mmoja mwenye wanagenzi wawili, kwa mkataba wa miaka na si wa siku ya ufunguzi. Kazi ya kulikalafati na kulipaka deheni ipangwe likizo ya Desemba, wakati familia zinasafiri kwenda pwani, na wageni waruhusiwe kukaribia na kuuliza kazi ikiendelea. Na fundi apatikane kwanza, yeye ndiye akachague jahazi.