Kilo 440 za Noah

Safu ya Gervas Msengezi

Anayenunua gari la safu tatu za viti, iwe Noah, Wish au Prado, huuliza kwanza linachukua watu wangapi. Wanane, anaambiwa, au saba. Swali la uzito haliulizwi, na hilo ndilo linaloamua usalama wa safari ya Kibaoni hadi Mpanda, mkoani Katavi. Magari haya mengi yanatoka Japani, na huko kila mtu garini huhesabiwa kuwa na kilo 55. Kwa hesabu hiyo Noah ya watu wanane imepangiwa kilo 440 za watu, dereva akiwemo. Sasa ipakie kama inavyopakiwa huku kwetu: wawili mbele pembeni ya dereva, wanne katikati, wanne nyuma. Ni watu 11. Wapigie kilo 65 kila mmoja, zinakuja 715. Ongeza gunia moja la mpunga la kilo 100, zinafika 815. Mtoto aliyepakatwa hatujamgusa.

Safu ya tatu ndiyo yenye hadaa kubwa zaidi, maana nafasi yake imemegwa kutoka kwenye buti. Kaa nyuma kwenye Wish ukiwa mtu mzima: magoti yanapanda kuelekea kidevuni, na kisogo kiko karibu kabisa na kioo cha mlango wa nyuma. Siti hizo zikishakaliwa, buti halipo tena. Kwa hiyo gari hilohilo haliwezi kuwa la abiria saba na pia la mizigo ya abiria saba, ingawa ndivyo tunavyolitumia. Hata mwenye Prado anayekuja kijijini Desemba na familia nzima huishia kufunga mabegi kwenye keria, na gari lililobeba juu huyumba kwenye kona. Halafu kuna suala la kutoka. Wa nyuma hatoki mpaka wa katikati ashuke na siti ikunjwe. Noah za zamani, zilizoundwa kabla ya 2001, zina mlango mmoja tu wa kuburuza, upande wa kushoto. Gari likilalia upande huo, mtatokea madirishani.

Mafundi watasema springi zimeongezwa na gari limenyanyuka. Sawa, ila springi haifungi breki wala haiongezi nguvu ya tairi. Inachofanya ni kuficha dalili kwamba gari limeelemewa. Hoja nzito ni ya nauli: michomoko hii, yaani magari madogo yanayobeba abiria kwa nauli, ndiyo usafiri wa wengi, na wakipungua abiria, waliobaki watalipa zaidi. Ni kweli, watalipa zaidi kidogo. Lakini leo abiria analipa nauli kamili huku akilisafirisha gunia la mwenzake kwa nafasi ya miguu yake. Gunia lipande Canter, au lilipiwe kama mtu. Wala sidai gari la kwenda Usevya, hapo jirani, libanwe sawa na linalokatiza Hifadhi ya Katavi kuelekea Sitalike. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, ianze na njia ndefu na ihesabu kilo pamoja na siti. Na trafiki kizuizini afungue mlango wa nyuma, asiishie kuhesabu vichwa kupitia dirisha la dereva.