Sikre ya mgeni

Wiki hii tuongelee chupa ya sikre.

Mgeni akifika, tunatuma mtoto dukani mbio. Kumpa mgeni maji matupu tunaona ni haya. Na tunajua desturi hii imetoka mbali: wazee wetu wengi waliishi kwa miwa ya Kiliba hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1996, na nyumba yenye sukari ilikuwa nyumba yenye heshima.

Lakini kilasini tunaona watoto wameshika shavu, jino linauma, somo haliingii. Kwa hiyo tufanye hesabu. Soma maandishi madogo kwenye chupa: sikre nyingi zina karibu gramu 10 za sukari katika mililita 100. Chupa ya santilita 33 ina basi gramu 33. Kijiko cha chai ni gramu 4: hapo ni vijiko nane. Nani kati yetu angetia vijiko nane katika kikombe kimoja cha chai ya mtoto? OMS inashauri hata mtu mzima asipite gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki kwa 25. Sukari ikizidi, meno yanaoza na mwili unanenepa, na ugonjwa wa sukari unakaribia.

Serikali zingine zimeingilia kati. Mwezi wa 4 mwaka 2018, Afrika ya Kusini na Uingereza zilianza kutoza kodi sikre kufuatana na sukari iliyomo. Kule Uingereza, kinywaji chenye chini ya gramu 5 katika mililita 100 hakilipi kodi hiyo. Viwanda vingi vilipunguza sukari hata kabla kodi haijaanza. Kumbe iliwezekana!

Nasi inawezekana, bila kungoja kodi. Kwa mkutano wetu ujao, tulete maji yaliyochemshwa, ndizi na maembe. Nyumbani, tupunguze kijiko kimoja katika chai, na wiki ijayo kingine. Ila maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha ni dawa, hayo tusiyaguse.

Mama mmoja akianza peke yake, ataitwa mchoyo. Tukianza wote, itakuwa desturi, na mgeni hatauliza.