Baba uliyelea watoto, usimdanganye bosi: Hukuwa umekaa bure!

KIJANA mwenzangu, hebu leo tuambizane ukweli. Mwanamke akikaa nyumbani kulea, mtaani tunamwita golikipa, tunacheka kidogo, yanaisha. Mwanamume akikaa nyumbani kulea hatucheki kidogo. Tunasema kalishwa limbwata. Tunasema ni marioo, analelewa na mke. Tunamsakama mpaka kwenda dukani kwa Mangi anaona haya, anamtuma mtoto.

Sasa huyo huyo tunayemcheka, siku moja mtoto wake wa mwisho anaanza shule. Anaitoa suruali yake ya kitambaa iliyolala sandukuni miaka minne, anaipiga pasi, anakwenda kutafuta kazi. Nataka tuzungumze juu ya siku hiyo. Itakufika wewe, au itamfika kaka yako, na kwa maisha ya mji huu yalivyo hakuna wa kujigamba kwamba yeye hayumo.

Kwanza tuondoe uongo mmoja, kwamba wanaume wa namna hii ni mazao ya vijana wa leo waliolegea. Si kweli! Waulize wazee wa Ubungo, Mabibo na Keko. Mwaka 1986 Serikali ilitiliana saini na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na baada ya hapo masharti yakaja moja baada ya jingine. Ikaundwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, ile PSRC, kwa sheria ya 1992. Mashirika yakauzwa, mengine yakafungwa, na mwaka 1997 hata Benki ya Taifa ya Biashara ikakatwa vipande. Maelfu ya wanaume walipigwa redandansi wakiwa na nguvu zao zote. Nani alilisha nyumba zile? Mama alikaanga maandazi na vitumbua, akakopesha khanga na vitenge mtaa mzima. Na nani alibaki na watoto? Baba. Ukimuuliza atakuambia alikuwa "anasubiri mafao". Alikuwa analea, ila neno hilo halikumtoka mdomoni. Aibu ilikuwa kali kuliko njaa.

Leo sababu ni nyingine, lakini chungu ni kile kile. Mke ni nesi au mwalimu, ana ajira ya kudumu. Mume yuko kwenye mkataba wa miezi mitatu mitatu katika ghala la mtu, mkataba ambao haujulikani kama utaendelea. Mtoto anazaliwa. Mnakaa usiku mnapiga hesabu: dada wa kazi, kituo cha kulelea watoto, nauli ya kuunga magari mawili asubuhi na mawili jioni, chakula cha mchana kazini. Mnakuta mshahara wa baba wote umekwisha kabla haujafika. Mnaamua yeye ndiye abaki. Hiyo ni hesabu, bwana, limbwata limeingilia wapi hapo?

Na kama unadhani kazi ya kulea siyo kazi, basi waulize watunga sheria wenyewe. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini hata kwa mfanyakazi wa nyumbani: Sh. 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri wa kawaida, na Sh. 250,000 kwa anayefanya kazi hiyo hiyo kwa balozi au mfanyabiashara mkubwa. Tazama kichekesho hiki! Binti wa watu akitolewa kijijini kuja kumwogesha mtoto wako, Serikali inasema hiyo ni kazi na ina bei. Ukimwogesha wewe uliyemzaa, umekaa tu.

Mahakama ilishalimaliza jambo hili zamani. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za ndani ya nyumba ni mchango katika mali ya ndoa. Aliyeandika hukumu hiyo ni Jaji Mkuu Francis Nyalali, yule yule aliyekuja kuongoza Tume ya mwaka 1991 iliyotufungulia mlango wa vyama vingi. Shauri lilimhusu mwanamke, sawa. Lakini kama jasho la jikoni ni jasho, halibadiliki kuwa maji kwa sababu limemtoka mwenye ndevu.

Tuje kwenye chumba cha usaili, maana hapo ndipo watu wanapochinjwa.

Mimi mwenyewe nililea wawili kwa miaka minne, mmoja ana pumu, na usiku wa pumu anaujua aliyekesha nao. Nilipoanza kuzunguka na bahasha, ofisi moja hapa mjini, jina tuliache, afisa utumishi aliitazama karatasi yangu, akaweka kidole pale katikati palipo wazi, akaniuliza, "Hapa ulikuwa jela?" Nikamwambia nilikuwa nalea watoto. Alicheka mpaka akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie. Laiti ningesema jela pengine angenihurumia! Kazi sikuipata.

Wenzangu wengi, kwa kuogopa kicheko hicho, wanadanganya. Mmoja atasema alikuwa South. Mwingine atasema alikuwa na duka la simu Kariakoo. Nakusihi usifanye hivyo, na sikuambii kwa ajili ya mahubiri. Nakuambia kwa sababu uongo huo hauna miguu. Ukisema duka, utaulizwa leseni ya biashara na namba ya mlipa kodi. Ukisema South, utaulizwa kampuni na mtu wa kukudhamini. Ukinaswa kabla, umekosa kazi. Ukinaswa ukiwa ndani, umempa mwajiri sababu ya kukutimua, tena kwa uhalali.

Sema kwa kifupi: "Kuanzia mwaka fulani mpaka mwaka fulani nilikuwa nalea watoto wangu. Sasa wako shule, nimerudi." Basi. Usianze kulia shida wala kuomba radhi. Na kwa heri yako, usiandike kwenye CV kwamba ulikuwa "Meneja wa Kaya". Nimeyaona hayo mambo, yanachekesha kuliko hata ukweli wenyewe.

Halafu ujue sheria, maana wao wanategemea kwamba huijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya 2004, kifungu cha 7, inakataza mwajiri kumbagua mtu. Orodha ya mambo yaliyokatazwa ni ndefu: kabila, dini, jinsia, maoni ya kisiasa (wenzangu na mimi tuisome hiyo mara mbili), ulemavu, na pamoja nayo hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia. Umesikia? Majukumu ya kifamilia. Na kifungu hicho hicho kinasema ajira maana yake ni pamoja na maombi ya ajira, na mwajiri maana yake ni pamoja na wakala anayetafutia watu kazi. Kwa hiyo usifikiri ulinzi unaanza siku ya kusaini mkataba. Unaanza bahasha yako inapopokelewa. Tena ukishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo unamwangukia mwajiri kuthibitisha kwamba hakukubagua.

Lakini tusidanganyane hapa. Mwajiri ana haki ya kuuliza kama ujuzi wako bado uko hai. Fundi umeme aliyekaa miaka minne bila kushika nyaya atakuta vifaa vimebadilika. Dereva atakuta leseni imekwisha muda wake. Mhasibu atakuta taratibu za kodi si zile alizoziacha. Hilo ni swali la kazi, siyo ubaguzi, na dawa yake ni kujinoa kabla hujapiga pasi suruali. Kuna kozi fupi VETA, kuna gereji ya rafiki yako unayoweza kushinda Jumamosi, kuna vibarua vya wiki mbili vinavyokupa mtu wa kusema, "Huyu nimemwona, anajua." Aliyeanza mwaka mmoja kabla mtoto hajaingia darasani anakuwa na cha kuonyesha.

Kuna mlango mwingine unaofungwa kimya kimya. Soma matangazo ya nafasi za Serikali yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira. Utaona masharti ya jumla: mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliyekwisha kuwa kazini serikalini. Mtu aliyeoa na miaka 36, akazaa na 38, akazaa tena na 41, akakaa kulea mpaka mdogo aingie shule, amebakiwa na nini? Amerudi sokoni geti linafungwa. Hakuna aliyemwonya, kwa sababu mtaani tulikuwa tunamcheka badala ya kumpa habari.

Na mafao je? NSSF inataka michango ya miezi 180 ndipo upate pensheni ya kila mwezi. Miezi 180 ni miaka 15. Ukikaa nyumbani miaka mitano bila kuchangia, miezi 60 imepita bila alama, na lazima kuistaafu ni miaka 60, haisogei kwa sababu wewe ulikuwa unabadilisha nepi. Mfuko unapokea wanachama wa sekta isiyo rasmi, kwa hiyo kama mke ana kipato, kaeni muone kama nyumba inaweza kukuchangia hata kiwango cha chini. Wengi hawafikirii hilo kabisa. Wanafikiri pensheni ni ya mke kwa sababu ajira ni ya mke. Ndoa ikiyumba uzeeni, utaona pensheni ni ya nani!

Sasa niseme jambo ambalo vijana wa kijiweni hawatalipenda. Kazi imepatikana, alhamdulillahi. Jumatatu unatoka saa kumi na moja alfajiri. Uji wa mtoto anapika nani? Nguo za shule anafua nani? Nimeona wanaume waliojua kuosha mtoto, kumsuka nywele na kumpa dawa ya minyoo kwa kipimo, wakipata mshahara wa kwanza wanasahau hata sufuria inakaa wapi. Ghafla wamekuwa wanaume tena! Mke aliyewalisha miaka minne anarudi kutoka zamu ya usiku hospitali anakuta vyombo vimelala. Huyo mwanamke hakukuita marioo hata siku moja, ndugu yangu. Unamlipa hivyo?

Na mtoto naye. Ameamka miaka yote anaona uso wako, leo anaona wa dada mgeni. Atalia wiki mbili, labda mwezi. Atakataa kula. Usirudi nyumbani jioni ukamfokea dada kwamba hajui kazi. Mpe siku saba kabla hujaanza kazi, mkae naye pamoja, mwonyeshe mtoto analalaje na anaogopa nini. Mambo haya wanawake wanayajua tangu zamani, na wameyafanya bila gazeti kuwaandikia makala.

Namalizia na waheshimiwa wetu wa Dodoma, wanaopita barabarani na mashangingi yenye vioo vyeusi. Sheria hiyo hiyo ya 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Inampa baba siku ngapi? Tatu! Kifungu cha 34. Siku 3, tena zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, na ni hizo hizo tatu hata mkeo akijifungua tena ndani ya mzunguko ule ule wa likizo. Msiba wa jirani tunaukalia zaidi ya hapo. Jirani zetu Kenya, kwa sheria yao ya ajira ya 2007, walimpa baba wiki mbili zenye mshahara kamili. Wiki mbili siyo utajiri, lakini zinamtosha mtu kujifunza kumshika mtoto. Nchi inayompa baba siku tatu imeshamwambia mwajiri kwamba mtoto hamhusu mwanamume. Halafu tunashangaa afisa utumishi akicheka?

Ukinyimwa kazi nawe unaamini sababu ni kwamba ulikuwa unalea, usiishie kulalamika kijiweni. Tunza tangazo la kazi, tunza barua na ujumbe wa simu, andika jina la aliyekuhoji, tarehe na maneno aliyoyasema kama alivyoyasema. Peleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Kwa mgogoro wa namna hii una siku 60 tangu jambo litokee, na siku zinahesabiwa na Jumapili zake.