Hakuna Aliyekwenda Akarudi

Mhindu wa kaskazini mwa India akizidiwa hadi watu wakamkatia tamaa, kisha akafumbua macho, mara nyingi hasimulii handaki wala nuru. Anasimulia makarani. Mwaka 1986 watafiti Satwant Pasricha na Ian Stevenson walichapisha visa 16 vya namna hiyo. Katika vingi, wajumbe wa Yama, mungu wa mauti, wanamchukua mgonjwa na kumfikisha kwa mwenye daftari. Daftari linafunguliwa, kumbe aliyeletwa siye! Anayetakiwa ni mwingine, pengine wa jina hilohilo, basi huyu anarudishwa. Mmarekani aliyelelewa kanisani yeye hukutana na nuru yenye upendo na marehemu bibi yake, akaambiwa saa yake bado. Huko hakuna karani anayekosea majina.

Sasa nyinyi mnaorushiana video za "nilikufa nikaonyeshwa mbingu na kuzimu," niambieni: kama wote walifika mji mmoja, mbona kila mmoja amerudi na ramani ya kijiji chake? Jibu langu ni kavu. Hakuna aliyefika. Walichokiona kilitungwa na ubongo uliokosa damu na hewa, kwa mambo uliyolishwa tangu madrasa au shule ya Jumapili.

Sisemi wote ni waongo. Uongo upo: Alex Malarkey, mtoto wa Marekani aliyeumia vibaya katika ajali ya gari mwaka 2004, aliandikiwa kitabu cha safari yake ya mbinguni kikauzwa sana, hadi Januari 2015 alipotangaza mwenyewe kwamba hakufa wala hakwenda mbinguni, na mchapishaji akakiondoa sokoni. Lakini wengi wanasimulia walichokiona kweli. Shida ni sisi tunaosikiliza. Daktari wa moyo wa Uholanzi, Pim van Lommel, alichapisha mwaka 2001 habari za wagonjwa 344 ambao mioyo yao ilisimama wakazinduliwa. Waliokuwa na la kusimulia ni 62. Hao 282 ambao hawakukumbuka chochote, mbona hawaalikwi madhabahuni kutoa ushuhuda?

Tena si lazima ukaribie kufa. James Whinnery, daktari wa jeshi la Marekani, aliwachunguza marubani wa ndege za kivita, vijana wenye afya zao, wakizungushwa kwenye mashine hadi damu inapungua kichwani. Kwanza uoni unafifia pembeni na kubaki katikati tu, kama anayetazama ndani ya handaki, kisha giza, kisha ndoto fupi, nyingine tamu za kukutana na jamaa. Mashine ikisimama, wanazinduka. Na roho kuelea juu ya mwili? Mwaka 2002 mtafiti Olaf Blanke na wenzake, huko Geneva, waligusa kwa umeme sehemu moja ya ubongo wa mwanamke mwenye kifafa, naye akajiona yuko juu, akiutazama mwili wake kitandani.

Mtanijibu kwamba wapo waliowaona madaktari kutokea darini. Daktari Sam Parnia alilipima hilo: katika hospitali kadhaa alipachika rafu karibu na dari, juu yake picha isiyoonekana na aliye chini. Matokeo yalitoka mwaka 2014, na hakuna aliyeitaja picha. Haki isemwe, wagonjwa wengi walizidiwa katika vyumba visivyo na rafu, na mmoja alieleza vizuri yaliyotendeka akihudumiwa. Lakini ushahidi unaokosekana kila unapotegewa, mimi siuiti ushahidi.

Kuna watakaoniita mkana Mungu. Wafungue vitabu vyao kwanza. Sura ya Al-Muuminun inamwonyesha aliyefikiwa na mauti akiomba arudishwe, anakataliwa, na mbele yake kuna kizuizi, barzakh, hadi siku ya kufufuliwa. Katika Luka 16, tajiri aliye motoni anamsihi Abrahamu amtume Lazaro akawaonye ndugu zake watano. Ananyimwa: wanao Musa na manabii, wawasikilize hao. Sijui wahubiri wetu wa video wamempata wapi mjumbe aliyenyimwa yule tajiri.