Gitaa Si Shamba la Miraa

Ilikuwa mazishini, Kangeta, huko Igembe, Meru. Mahubiri yalikuwa yamekwisha na jeneza lilikuwa bado mezani chini ya hema, ndipo mjukuu wa marehemu akasimama na gitaa kavu. Kijana mwenyewe kazi yake ni kufunga miraa. Penseli iliyokatwa nusu ilikuwa imelala juu ya shingo ya gitaa, imekazwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili sauti ipande ifike lilipo koo lake. Kidole gumba kilishika nyuzi nene, cha shahada kikacheza na zile nyembamba, naye akaimba kwa Kimeru wimbo aliomtungia nyanya yake katika usiku wa pili wa matanga. Ulichukua dakika nne hivi. Akina mama waliokuwa wakipakua wali nyuma ya nyumba waliacha vijiko kwenye sufuria.

Kisha akasimama mzee mmoja aliyepewa nafasi ya kusema “maneno machache”. Mzaliwa yeyote wa Igembe anajua maneno machache ya mgeni wa heshima huwa na urefu gani. Akashika kipaza sauti, akamgeukia kijana: “Umetuimbia vizuri, kijana wangu. Lakini hebu tuambie, hiyo gitaa inakulipa pesa ngapi? Ungeiuza ununue miche ya miraa.” Watu wakacheka. Hata wafiwa walicheka. Mwandishi wa safu hii hakucheka, na hasira ile bado anayo.

Swali hilo la “inakulipa pesa ngapi” limekuwa ugonjwa, na ajabu yake ni kwamba huuliziwa gitaa tu. Mzee yule yule huonekana kila alasiri mbele ya duka akicheza drafti kwa visoda, na hakuna anayemuuliza visoda vinamlipa nini. Shabiki wa Arsenal wa hapo Maua hukesha hadi saa saba za usiku akitazama mpira, kesho yake anafika kazini macho mekundu, wala Arsenal haijawahi kumtumia hata shilingi moja kwa M-Pesa. Huyo anaitwa mpenda michezo. Kijana akiketi nusu saa na nyuzi sita baada ya kazi, anaitwa mtu aliyekosa mwelekeo.

Na ni nani aliyesema gitaa hupigwa kwa sababu ya pesa? Watu hulipiga kwa sababu zao. Kuna anayelipiga kwa kuwa nyumba ina kimya tangu mkewe aondoke, na kuna mwenye neno ambalo hawezi kumwambia baba yake ana kwa ana. Mwingine vidole vyake vimezoea tu, vikikosa kazi vinagongagonga meza. Kijana wa Kangeta alimpoteza nyanya aliyemlea, na hotuba hakuwa nayo. Angetoa bei gani kwa wimbo ule? Apeleke bili kwa marehemu?

Mfano mkubwa ni Jean-Bosco Mwenda, mtu wa Katanga aliyezaliwa 1930. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi, akitembea barabarani na gitaa lake. Tazama vizuri hapo: alikuwa akitembea barabarani. Hakuwa jukwaani, wala hakukuwa na mtu mlangoni akikata tiketi. Wimbo wake “Masanga”, aliourekodi siku hizo kwa upigaji wa vidole viwili, bado unawatoa jasho wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanaojaribu kuuiga. Na Mwenda alikuwa na kazi. Kwa nyakati mbalimbali alitumikia utawala wa mji, benki na kampuni ya madini ya Gécamines. Mshahara ulitoka huko, gitaa likawa la moyo wake. Wenye kudai kwamba gitaa ni la wasio na ajira wamweleze mtu huyu alikosa ajira ipi.

Wimbo wa “Malaika” nao unasemaje? Mpaka leo watu wanagombana kuhusu mtunzi wake: wengine wanamtaja Fadhili William wa Kenya, wengine Adam Salim wa Tanzania. Wanachokubaliana wote ni kisa chake. Mwanamume anampenda msichana na hana mali ya kumwolea. Yaani wimbo ambao Miriam Makeba na Boney M. waliupeleka duniani ulianza kama kilio cha mtu mwenye mfuko mtupu. Kama mzee wetu angekuwepo siku ile, angemshauri auze gitaa alipe mahari, nasi leo tusingekuwa na la kuimba arusini.

Wapo pia wanaosema gitaa ni chombo cha shetani na walevi. Hoja hii ni dhaifu kiasi kwamba ni aibu kuijibu, lakini tuijibu kwa furaha. Ingia katika kanisa lolote la mabati kati ya Maua na Meru mjini siku ya Jumapili. Utakuta solo, rizimu na besi, zote za umeme, na spika zinazotikisa madirisha ya majirani ambao wao husali Jumamosi. Shetani amehamia lini? Au gitaa huokoka likichomekwa kwenye umeme? Mwanamuziki Joseph Kamaru alipiga kwa gitaa nyimbo za Kikuyu za mapenzi na za siasa kwa miaka mingi. Mwaka 1993 akaokoka, akageukia nyimbo za injili, na vidole vikabaki vile vile. 

Daniel Owino Misiani naye, mzaliwa wa upande wa Shirati, Tanzania, aliyekuja kuitwa baba wa benga, alilelewa na baba mcha Mungu ambaye alivunja gitaa la mwanawe. Kijana akatafuta jingine. Benga yenyewe, ile solo inayokimbia kama mtu anayeteremka mlima, ilijifunza mwendo kutoka kwa nyatiti, chombo cha Waluo cha nyuzi nane. Misiani alifariki kwa ajali ya gari Kisumu mwezi Mei 2006, baada ya kuwakera watawala kwa mafumbo yake na kuwekwa ndani zaidi ya mara moja. Mtu anayetafuta faida hachagui biashara ambayo bidhaa yake inampeleka mahabusu.

Na George Mukabi wa Kakamega? Mtindo wake wa omutibo ulitosheka na gitaa kavu moja na chupa ya Fanta iliyokwaruzwa na kugongwa na mwenzake. Mtaji wote huo ungeingia kwenye kapu la sokoni. Alikufa 1963, akiwa kijana bado, na mwanawe Johnstone akauendeleza mtindo huo wa baba yake. Mtoto hurithi shamba, kweli. Mtoto huyu alirithi namna ya kusogeza kidole gumba.

Sasa turudi kwenye miraa, maana mzee ndiye aliyeileta. Hakuna anayeidharau, imesomesha watoto wa Igembe, na jina la Kangeta lenyewe limekuwa jina la aina ya miraa sokoni. Lakini tusidanganyane kwamba ni mali isiyotikisika. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013. Uingereza ikafuata Juni 2014, na mabunda yaliyokuwa yakiruka kwenda London yakakosa pa kutua. Machi 2020 Somalia ilifunga mlango, ikaufungua Julai 2022. Miaka miwili na zaidi, watu wa milima ya Nyambene walihesabu hasara. Je, kuna mgeni wa heshima aliyesimama mazishini akamuuliza mkulima, “Hiyo miraa yako inakulipa pesa ngapi?” Hakuna. Wote walimpa pole, na walifanya vyema.

Tena miraa, hata ufunge kwa majani ya mgomba vizuri namna gani, haina zaidi ya siku mbili kabla ya kupoteza nguvu. Ndiyo maana yale magari yanayoisafirisha yanashuka mlima kwa kasi ya wazimu, yakihatarisha kila mtu barabarani, jambo ambalo wazee hawalisemi mazishini ingawa baadhi ya mazishi yenyewe yanatokana nalo. “Masanga” ina zaidi ya miaka 70 na bado ni mbichi.

Wanaokusanya muziki nao husemwa hivyo hivyo. Kuna mwalimu mstaafu huko Igembe mwenye sanduku la mbao lililojaa santuri ndogo, zile za tundu kubwa katikati, benga na rumba tupu. Sindano ya gramafoni yake ilikufa zamani. Kila mwisho wa mwezi huzitoa moja moja, anazifuta kwa kitambaa cha pamba na kuzirudisha. Nyuma ya kila jalada ameandika kwa kalamu ya wino mahali aliponunua na nani alikuwa naye. Jalada moja lina jina la mkewe na neno “Isiolo”, basi. Wanawe wamemshauri aziuze, kwa kuwa wamesikia Wazungu hununua. Nao wamesikia sawa: Kenyatta Market, Nairobi, kibanda cha James Rugami kimevuta wapenzi wa santuri kutoka nchi za mbali kwa miaka mingi. Lakini mwalimu hauzi. Aliulizwa anangoja nini, akasema hangoji chochote.

Jibu hilo ndilo watu wa “pesa ngapi” hawaliwezi. Wamezoea kwamba kila mtu anangoja kitu: bei ipande, mnunuzi aje, mwanasiasa agawe. Na hapo pia pana shida, kwa sababu kijana mwenye gitaa hutambuliwa kuwa na kipaji mara moja kila miaka mitano, wakati wa kampeni, apandishwe kwenye lori amsifu mgombea kwa ahadi ya malipo ambayo simu yake haitapokea. Hilo ndilo gitaa wanaloliona lina faida.

Kijana wa Kangeta hakumjibu mzee. Alikuwa ameinama akigeuza kifunguo, kwani uzi mwembamba kuliko yote ulikatika katika ubeti wa mwisho, akamalizia wimbo kwa nyuzi tano bila waombolezaji kugundua. Nyuzi mpya yeye huzitafuta Meru mjini, anaposhuka kwa shughuli nyingine. Mzee akipita huko wiki hii, na amnunulie seti moja, amletee, na asiulize kitu.