Siku ya Waajiri Chuoni: Kujieleza na Kujisifu



Vyuo vyetu, Mombasa na kwengineko, vina desturi ya kutenga siku moja ya kuwaalika waajiri. Hupanga meza zao ukumbini, nao wanafunzi hupita meza kwa meza wakiuliza khabari za kazi. Mwaka jana nilimsindikiza mtoto wa ndugu yangu siku kama hiyo. Amesoma mambo ya umeme, na alama zake si haba. Alivaa vizuri, akashika bahasha ya vyeti. Kwenye meza ya kwanza akaulizwa, "Waweza kufanya nini?" Akainamisha kichwa, akajibu, "Nasoma hapa," kisha akanyamaza. Yule bwana akampa karatasi ya matangazo, akamgeukia mwingine.

Njiani nikamwuliza kwa nini hakusema kuwa likizo nzima alikuwa akitengeneza mota za majokofu kwa fundi, huko Majengo. Akanijibu: "Ami, si kujisifu huko?"

Neno lile lilinichoma, kwani ni sisi tuliomfunza. Twawakataza watoto wetu majivuno, na ni malezi mema. Lakini hatukuwaonyesha mpaka baina ya kujisifu na kujieleza. Katika Sura ya Yusuf twasoma kuwa Nabii huyo, aliposimama mbele ya mfalme wa Misri, aliomba mwenyewe apewe khazina za nchi, akataja sababu mbili: kuwa ajua kuhifadhi, na kuwa ana ilimu ya kazi yenyewe. Hakuzidisha wala hakuficha. Nabii Musa naye, huko Madyan, hakujisemea. Alisemewa na binti aliyekwisha kumwona akiwanyweshea wanyama wao, akamtaja kwa nguvu na uaminifu. Kijana wetu alihitaji yote mawili: ulimi wake mwenyewe, na barua ya yule fundi.

Basi kabla ya siku hiyo na aulize chuoni ni waajiri gani watakaokuja. Achague wanne au watano, asome wafanyalo. Maana si vyema kufika kwenye meza ya Halmashauri ya Bandari na kuuliza bandari yafanya kazi gani. Maelezo yake yawe ukurasa mmoja au miwili, na kila neno liwe kweli. Kisha, baada ya chakula cha usiku, asimame mbele ya wazee wake, aseme kwa dakika moja jina lake, masomo yake, kazi aliyoifanya kwa mikono yake na alitafutalo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Wadogo zake watacheka. Na wacheke, afadhali kicheko cha nyumbani.

Kuna wazazi wawazuiao binti zao kwenda, wakikhofia kuwa watatakiwa kuvua hijabu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 32, yakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya dini yake. Binti na aende na stara yake, na baba akiwa na wasiwasi afuatane naye, akae nje kwenye kivuli. Khabari za Sala na Ijumaa na ziulizwe kwa adabu, baada ya kuzungumza juu ya kazi. Si swali la kwanza, wala si jambo la kuonea haya.

Wala si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2013, ndicho kile kilichoanza kufundisha mwaka 1951 kwa jina la MIOME, kuwapa vijana wa Kiislamu ufundi wa mikono. Wazee walijua kuwa cheti bila ya kazi hakimlishi mtu.

Mwaka huu mtoto wa ndugu yangu alirudi tena, na barua ya fundi mfukoni. Kwenye meza ya tatu walimsikiliza mpaka mwisho, wakaandika jina lake kwa mafunzo ya kazini. Kazi bado hajapata. Amepata jina la mtu wa kumwandikia, na barua ya kwanza ameipeleka juzi.